Haki ya Mtoto Mchanga



Mama ajifunguaye hapa Wasso hurudi bomani, ambako maji huchotwa mbali. Tukimpa mtoto wake maziwa ya kopo pasipo sababu ya kitabibu, twampokonya haki. Titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Kopo la bure likiisha, la pili huuzwa, naye mama huanza kuyazimua kwa maji yasiyochemshwa. Ndiyo maana Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 1981 uliyataka makampuni yasiwagawie akina mama makopo ya bure. Na dang'a, ambayo wengine huimwaga, ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto!

Viongozi wa jumuiya, mzazi apunguziwe kuni na maji apate kunyonyesha. Aliyeandikiwa kopo na daktari asisengenywe, tumchangie.