Kiungo cha Zamani, Mwenyewe Mpya



Leo tunazungumza nanyi juu ya saraka za tovuti, yaani orodha zinazokusanya viungo vya maduka, ofisi, shule na mafundi na kuvipanga kwa mafungu. Kila kiungo humo ni kumbukumbu katika hifadhidata: jina, anwani, maelezo mafupi na, kwa saraka iliyo makini, tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Tarehe hiyo wateja wengi huiruka. Sisi twaiona kuwa ndiyo yenye thamani kuliko yote.

Jina la tovuti halinunuliwi likawa mali ya milele. Husajiliwa kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja, na ada isipolipwa mtu mwingine aweza kulichukua. Duka likafungwa, jina likaachwa, na asiyemjua kabisa mwenye duka akalisajili. Kumbukumbu katika saraka haikubadilika hata herufi moja, ilhali mlango inaoufungua sasa ni wa mtu mwingine. Huenda ni mfanyabiashara halali. Huenda ni tapeli aliyelitaka jina hilo kwa ajili tu ya wateja wanaoletwa na viungo vya zamani. Anayelipa humo kwa simu amempa mgeni fedha zake.

Kuzuia hayo ni kazi ya wahariri, nayo si nyepesi. Saraka ya DMOZ, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998 na kuhaririwa na watu wa kujitolea, ilikuwa na programu ya kupitia viungo na kubainisha vilivyokufa. Tovuti iliyotoweka hutambulika upesi, kwa mfano ukurasa unapojibu kwa namba 404. Lakini tovuti iliyobadili mwenyewe hujibu vizuri kabisa, na hapo hapana budi jicho la mtu. DMOZ ilifungwa Machi 2017. Hata hivyo, orodha yake iliruhusiwa kunakiliwa, na kumbukumbu iliyonakiliwa haisahihishwi kwa kusahihisha ile ya asili.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, itazameni tarehe ya ukaguzi. Isipokuwapo, linganisheni namba ya simu iliyo kwenye tovuti na ile iliyo kwenye risiti au kwenye bango la duka lenyewe. Kwa huduma za Serikali ya Tanzania, angalieni kama anwani inaishia na go.tz, mwisho huo umetengwa kwa taasisi za umma.

Nanyi mnaofanya biashara, mkihama au mkifunga, waandikieni wahariri: tajeni kumbukumbu iliyopo, mabadiliko mnayoyataka, na uthibitisho kwamba biashara ni yenu. Mhariri akidai uthibitisho huo msikasirike, maana tapeli naye huomba “masahihisho”, hasa ya namba ya simu. Ikiwa kumbukumbu ina jina lako na namba yako binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuomba taarifa isiyo sahihi irekebishwe au ifutwe.

Mkishajibiwa kwamba kazi imekamilika, ifungueni saraka kwa simu nyingine, mkibonyeze kiungo wenyewe, kisha mlitafute jina la biashara yenu katika saraka nyingine ambako huenda kumbukumbu ya zamani ingali ipo.