Kosa la Kwanza Barabarani

Juzi kijana wetu wa miaka 18 alisimamishwa na polisi. Alikuwa akipita penye maduka kwa mwendo wa kilomita 58 kwa saa, na mwisho kisheria ni 50. Akatupigia simu akinong'ona: “Baba, nina mia mbili. Nimpe yaishe?”

Tulinyamaza. Swali hilo alijifunza wapi, ikiwa si garini mwetu, alipotuona tukikunja noti ndani ya leseni?

Tukamjibu: “La, mwanetu. Sema kweli, kwa heshima. Pokea hati ya kosa, uisome, ulipe panapoandikwa, uchukue risiti.” Kanuni za mwaka 2016 ziliweka faini ya kosa hilo kuwa shilingi 500. Lakini atoaye hongo na aipokeaye, wote wana hatia. Faini hulipwa ikaisha. Hongo huzaa nyingine.

Jioni tulimwomba kijana atusamehe. Zakayo hakuona haya kuahidi mbele ya watu kwamba atarudisha mara nne. Je, sisi wazazi tutaona haya mbele ya watoto wetu?

Ee Bwana, tunyoshee njia, nyumbani na barabarani. Amina.