Jina la Lugha na Wenye Lugha: Mfano wa Kisagara



Munisagara, wilayani Kilosa, ni mahali ambapo jina lenyewe limebeba neno Sagara. Sisi husema Kisagara. Vitabu vya Kiingereza huandika Sagara au Sagala, bila kiambishi. Hoja yangu ni kwamba jina la lugha ndogo katika Kiingereza hutuonyesha zaidi mkono wa mwandishi kuliko kauli ya wenye lugha.

Kudondosha kiambishi kulikuwa uamuzi wa watu. Mwaka 1850 Krapf alichapisha sarufi ya Ki-Suáheli. Mwaka 1870 Steere akaandika Swahili, na desturi hiyo ndiyo iliyoshika. Mwaka 1886 mmisionari J. T. Last, aliyefanya kazi Mamboya, alichapisha sarufi ya jirani wa Kisagara akaiita Kaguru, ilhali wenyewe husema Chikagulu. Hapo kiambishi kimeondoka, na l imegeuka r.

Hata lugha za kubuni hazikusalimika. Zamenhof alipoitangaza lugha yake mwaka 1887, aliiita Lingvo Internacia. Jina Esperanto lilikuwa lake la uandishi. Wasomaji wakalihamishia kwenye lugha.

Mtu aweza kuuliza, je, kuna madhara gani? Katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3, iliyotolewa mwaka 2007, lugha ya Kilosa ni Sagala, alama yake sbm. Lugha ya Wasagalla wa Taita, nchini Kenya, ni Sagalla, alama yake tga. Lugha mbili, nchi mbili, herufi moja. Mwanafunzi asiyekuwa mwangalifu ataokota msamiati wa Taita na kuuhesabu kuwa wa Kilosa. Na kwa lugha yenye maandishi machache, kosa moja hurithiwa na kila atakayefuata.

Simlaumu Mwingereza peke yake. Nasi twasema Kijerumani, jina ambalo Wajerumani hawajiitii lugha yao. Kila lugha huwapa wageni majina kwa kanuni zake. Wajibu wetu ni mdogo lakini ni wa lazima: tuandikapo juu ya lugha yoyote, tuanze na jina litamkwalo na wenyewe, kisha jina la vitabuni, kisha alama yake. Tusiwafanye Wasagara wageni katika orodha ya lugha yao wenyewe.