Biashara Inapoizidi Namba Yake: Ukomo wa Malipo ya Simu na Kadi

Maandishi ya mazungumzo na wananchi wa Basotu, Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara



Jina la Basotu limejulikana mbali kwa ziwa lake na kwa ngano ya mashamba makubwa ya Hanang, ambayo kuanzia miaka ya 1970 yaliendeshwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Ngano ile iliondoka kwa lori na hati, na aliyenunua alijulikana. Leo maharage ya Hanang, vitunguu saumu vya Mbulu na shanga za akina mama wa Kibarabaig vinaweza kuuzwa kwa picha ya simu, kwa mtu wa Dodoma au wa Ulaya ambaye muuzaji hatamwona maishani. Mnunuzi hutuma fedha leo, na mzigo humfikia baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo kadhaa ndimo mna hatari, na ndimo ukomo wa malipo unamofanya kazi.

Ukomo ni kiwango cha juu cha fedha ambacho laini au akaunti huruhusiwa kupitisha au kuhifadhi. Kuna ukomo wa muamala mmoja, ukomo wa miamala yote ya siku, na ukomo wa salio linaloweza kulala katika akaunti. Mfanyabiashara anaweza kuwa ndani ya mmoja na bado akakwama kwenye mwingine. Ndiyo maana mtu husema, "Mbona jana nilipokea nyingi kuliko leo?" Jana hakugusa salio la juu, leo ameligusa.

Mipaka hii haikuwekwa kwa ajili ya kuzuia biashara. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wengi walioipokea hawakuwahi kuwa na akaunti ya benki. Ilipotungwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, pamoja na kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka huohuo, msingi uliowekwa ulikuwa huu: kadiri mtoa huduma anavyomfahamu mteja, ndivyo anavyoruhusiwa kumfungulia mlango mpana. Aliyeleta kitambulisho peke yake hupewa kiwango kimoja. Aliyeleta leseni ya biashara na namba ya mlipakodi hupewa kingine. Viwango vyenyewe hubadilika. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la korona, Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha ukomo wa miamala ya siku kutoka shilingi 3,000,000 hadi 5,000,000, na ukomo wa salio kutoka shilingi 5,000,000 hadi 10,000,000, ili watu wapunguze kushikana noti mikononi.

Tuchukulie mfano. Yupo mfanyabiashara hapa Basotu anayeuza maharage kwa njia ya mtandao, na anapokea malipo katika laini yake binafsi yenye ukomo wa shilingi 5,000,000 kwa siku. Kwa miezi sita mauzo yake ni shilingi 300,000 kwa siku, wala hajawahi kusikia neno ukomo. Siku moja tangazo lake linasambaa, na wateja 120 wanaagiza gunia dogo la shilingi 60,000 kila mmoja. Hiyo ni shilingi 7,200,000. Malipo ya wateja 83 yanaingia na kufikia shilingi 4,980,000. La mteja wa 84 linakataliwa, na nyuma yake wamebaki wengine 36. Lori limekwisha kukodiwa na mkulima anasubiri fedha yake. Hakuna aliyefanya kosa. Biashara imekua, lakini namba iliyosajiliwa ni ileile ya mtu anayejitumia nauli.

Hatua atakayoichukua saa hiyo ndiyo inayotufanya tuzungumze nanyi leo. Njia iliyo karibu ni kuwaandikia wale wateja 37: "Namba yangu imejaa, tuma kwenye hii ya shemeji yangu." Ndugu zetu, hebu yasikilizeni maneno hayo kwa masikio ya mnunuzi. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajapata ujumbe usemao ile hela itumwe kwenye namba nyingine. Mfanyabiashara mwaminifu, kwa haraka yake, amesema neno kwa neno lugha ya tapeli. Mnunuzi mwenye busara atakimbia. Na mnunuzi asiyekimbia amezoeshwa kuamini ujumbe ambao kesho utatoka kwa mwizi wa kweli.

Njia hiyo ina ubaya wa pili. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inawataka watoa huduma kutoa taarifa za miamala yenye kutia shaka. Malipo yanayokatwakatwa na kusambazwa katika laini za ndugu ni mojawapo ya dalili wanazofundishwa kuzitazama. Fedha halali ya maharage inaanza kuonekana kama fedha inayojificha. Aidha, sheria hiyo inamkataza mtoa taarifa kumdokeza mteja kwamba taarifa imetolewa. Kwa hiyo mteja anaweza kufika kwenye dirisha la huduma na kukuta watumishi wenye adabu lakini wasio na maelezo. Zaidi ya hayo, fedha iliyoingia katika laini ya shemeji ni ya shemeji kwa mujibu wa usajili. Mkigombana, jina linalosomeka pale ni lake.

Njia iliyo sahihi ni kusajili namba ya malipo ya biashara, ile tuliyoizoea kuiita lipa namba, kabla ya msimu kufika. Kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole, utambulisho wako tayari umo katika laini yako. Unachoongeza ni utambulisho wa biashara yako. Beba namba ya kitambulisho cha taifa, leseni ya biashara, namba ya mlipakodi kutoka TRA, na cheti cha jina la biashara kutoka BRELA kama unacho. Kisha uliza maswali manne, na uombe majibu kwa maandishi: ukomo wangu wa muamala mmoja ni upi? Wa siku ni upi? Wa salio ni upi? Nikitaka kupandishwa, mnahitaji nini na inachukua siku ngapi? Aliyeuliza mwezi wa pili hahangaiki mwezi wa sita.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika jambo hili daftari lina kazi nyingine: ndilo shahidi wako. Mtoa huduma anapoona mauzo yameruka kutoka shilingi 300,000 hadi milioni saba kwa siku moja, hajui kama ni maharage au ni wizi. Orodha ya wateja, stakabadhi za mkulima na hati ya lori humwambia. Ni bora zaidi kumwarifu kabla: "Wiki ijayo tunatarajia oda nyingi, na sababu ni hii."

Sasa tuje kwenye kadi, kwa wale wanaouza shanga na vikapu nje ya nchi. Hapa ukomo una sababu ya ziada. Mwenye kadi akilipa na asipate mzigo, ana haki ya kudai fedha yake kupitia benki yake, na kwa aina nyingi za madai mitandao ya Visa na Mastercard humpa hadi siku 120. Muuzaji akiwa ameshatumia fedha hiyo na hana nyingine, benki iliyompokelea malipo ndiyo inayolipa. Kwa maneno mengine, kila malipo ya kadi kabla ya mzigo kufika ni mkopo mdogo ambao benki imempa muuzaji. Biashara inayokua kwa kasi ni mkopo unaokua kwa kasi. Ndiyo maana benki au kampuni ya malipo huweka ukomo wa mauzo ya mwezi, au hushikilia sehemu ya mauzo kama dhamana. Tuseme mkataba unasema asilimia 10 ishikiliwe kwa miezi sita: katika mauzo ya shilingi 20,000,000, shilingi 2,000,000 hazitagusika kwa nusu mwaka. Kama faida yako ni asilimia 10, basi ndiyo faida yote. Someni kifungu hicho kabla ya kutia sahihi, na mpange bei na mtaji kwa kukihesabu.

Tukieleza sababu za ukomo, hatusemi kwamba mtoa huduma ana ruhusa ya kufanya apendavyo. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinawataka watoa huduma kuwa wazi, kumtendea mteja kwa haki na kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Fedha yako ikizuiwa, peleka lalamiko kwa mtoa huduma kwanza. Dai namba ya kumbukumbu ya lalamiko, na uandike tarehe, kiasi na namba za miamala. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, lipeleke Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Arusha. Lalamiko lenye namba na tarehe husomwa; lalamiko la hasira peke yake hupotea njiani.

Kwenu wanunuzi, tuna maneno machache. Lipeni kwenye namba ya biashara, na kabla ya kuthibitisha malipo someni jina linalotokea kwenye simu. Jina likiwa jingine, simamisheni malipo na mpige simu kuuliza. Malipo yakikataliwa kwa sababu ya ukomo, subirini kesho, au mlipe mzigo unapofika. Muuzaji mwaminifu atakubali kusubiri, kwa maana naye anataka mrudi. Anayewaharakisha ndiye wa kuogopwa. Na mkikosea namba, mpigieni mtoa huduma mara moja, kabla fedha haijatolewa.

Jambo tulilolileta kwenu ni moja. Ukomo ni kipimo cha jinsi biashara yako inavyofahamika, na unapandishwa kwa kujitambulisha, haupandishwi kwa kujificha. Biashara ya Basotu inaweza kukua mpaka ng'ambo ya bahari. Tunachowaomba ni kwamba jina lake likue pamoja nayo, ili mteja wa 84 naye alipe mahali palepale alipolipa wa kwanza.