Mutoto Anayechelewa Kusema

Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto

Wenye kunyonyesha wanyonyeshe, na wenye watoto wakubwa wawaache wacheze hapa mbele. Kelele yao haitatusumbua, kwa sababu leo tunataka kusema juu ya sauti ya watoto.

Kila siku ya kupima watoto kuko mama mumoja anayebaki nyuma. Wengine wanapokea karti zao na kwenda. Yeye anangoja mpaka watu wanapungua, kisha anakuja karibu na kusema polepole: «Mutoto wangu iko na miaka mbili, bado hajasema. Nyumbani wananiambia ningoje tu.»

Siku moja mama kama huyo alikuja na binti wa miaka miwili na nusu. Kilo yake ilikuwa nzuri, lakini alijua maneno mawili tu: «mama» na «mayi». Mama alisema: «Huyu mutoto ni kichwa nguvu. Namuita, hakuje. Namutuma, haendi. Namupiga, analia, na kesho ni vile vile.» Ndugu za bwana wake walikuwa wameanza kunongona kwamba mutoto ana kitu kibaya ndani yake. Tulimukalisha binti kwenye magoti ya mama, na muuguzi akasimama nyuma, akaita jina lake kwa sauti ndogo. Hakugeuka. Akagonga kikombe kwa kijiko. Hakugeuka. Tukaangalia masikio: usaha pande zote mbili, tangu miezi mingi. Mama alinyamaza sana. Kisha akasema: «Kumbe nilikuwa namupiga kwa sababu hasikii.»

Hatusemi habari hii kwa kumuhukumu mama huyu. Hakuna mutu aliyekuwa amemufundisha. Ndiyo maana tunawafundisha ninyi leo.

Maneno yanakuja wakati gani?

Watoto hawaendi mwendo mumoja, sawa vile meno yao hayatoki siku moja. Lakini kuko njia ambayo karibu wote wanaipitia.

Kwa miezi 6 mutoto anageuka akisikia sauti ya mama. Kwa miezi 9 anasema «ba-ba-ba, ma-ma-ma», hata kama hajui maana. Kwa mwaka 1 anaitika jina lake, anaonyesha kitu kwa kidole, anapunga mukono, na neno la kwanza linatoka. Kwa mwaka 1 na nusu anajua maneno machache, na ukimuambia «lete kiatu», analeta. Kwa miaka 2 anaunganisha maneno mawili: «mama kuja», «leta mayi». Kwa miaka 3 hata jirani anasikia sehemu kubwa ya maneno yake.

Kama mutoto wa mwaka 1 hanyoshi kidole wala hafanyi sauti za kucheza, kama wa mwaka 1 na nusu hana hata neno moja, kama wa miaka 2 haunganishi maneno mawili, mulete. Na kama mutoto alikuwa anasema, kisha maneno yakapotea, mumulete bila kukawia, hata kama ana umri gani.

Juu ya nini anachelewa?

Sababu ya kwanza ya kutafuta ni masikio. Mutoto anajifunza neno kwa kulisikia mara nyingi sana. Asiposikia, atasema nini? Masikio yanaharibika kwa usaha usiotunzwa, kwa surua, na kwa ugonjwa wa bongo unaokaza shingo. Tena kuko sindano zenye nguvu, kama streptomisini na gentamisini, ambazo zinaweza kuua masikio. Musikubali mutu wa sokoni amupige mutoto sindano bila munganga kuagiza.

Sababu ya pili iko katika bongo. Mutoto aliyezaliwa bila kulia upesi, au aliyegeuka manjano sana siku za kwanza, au aliyepata malaria ya kutikisika na kuzimia, anaweza kuchelewa.

Sababu ya tatu ni upungufu wa yodi wakati wa mimba. Katika kisiwa cha Idjwi, kwenye ziwa Kivu, waganga walichunguza tangu miaka ya 1960 watu wengi wenye uvimbe mbele ya shingo, na watoto waliozaliwa na akili nzito, wengine bila kusikia wala kusema. Chakula hakikuwa na yodi ya kutosha, na mihogo isiyolowekwa vizuri ilizidisha shida. Kwa hiyo mama mwenye mimba atumie chumvi yenye yodi, na aloweke mihogo siku za kutosha kabla ya kuianika.

Watoto wengine wana sababu ambayo hatuioni kwa macho. Kuko mwenye akili nzuri na masikio mazima, lakini maneno yanakuja pole. Kuko vilevile asiyeangalia watu usoni, asiyeitika jina, anayecheza peke yake na kitu kimoja kutwa nzima. Huyu pia mumulete.

Sasa musikie vizuri: luga mbili au tatu nyumbani si sababu. Mama akisema Mashi, baba Kinande, na jirani Kiswahili, mutoto mzima atazijifunza zote. Musiache luga ya nyumbani kwa sababu hiyo.

Mupime masikio nyumbani

Mutu mumoja amukalishe mutoto na kumuonyesha kitu kidogo mbele yake. Mwingine asimame nyuma, hatua mbili au tatu, bila kuonekana. Amuite kwa sauti ndogo. Kisha atikise mukebe wenye maharagi. Musipige makofi karibu na kichwa, kwa sababu mutoto kiziwi anasikia upepo wa mikono, na kivuli anakiona. Mutajidanganya. Na hata akigeuka lakini hasemi, mumulete tu, maana anaweza kusikia sauti nene na kukosa zile nyembamba.

Kama sikio linatoa usaha, mukunje kitambaa safi kama utambi, mukaushe mara tatu kwa siku, na mumulete. Musitie mafuta, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala nyoya la kuku.

Kazi ya mama

Pengine mutauliza: «Dawa ya kusema iko wapi?» Hakuna sindano ya kusema, wala kidonge. Dawa kubwa iko katika kinywa chako, mama, na katika kazi unayofanya kila siku.

1. Umuonyeshe uso wako. Mutoto wa mugongoni anasikia sauti, lakini haoni midomo. Ukimufungua kitenge, chuchumaa mbele yake, macho kwa macho, ndipo useme.

2. Utaje kile unachofanya. Unapotwanga sombe, sema: «Sombe. Mama anatwanga sombe. Twa, twa!» Unapomuogesha: «Mukono. Mukono mwingine. Tumbo!» Maneno machache, tena na tena.

3. Ungoje. Umuulize: «Unataka ndizi ao mukate?» Kisha unyamaze, uhesabu moyoni mpaka kumi. Sisi wakubwa tuna haraka, tunajibu kwa ajili yake. Yaya yake naye anajibu kwa ajili yake. Mutoto anaona hakuna lazima ya kusema.

4. Uongeze neno moja. Akisema «mbuzi», wewe useme «mbuzi anakula». Akikosea na kusema «buzi», usimucheke. Itika: «Ndiyo, mbuzi!» Atasikia mwenyewe namna inavyosemwa.

5. Ukubali ishara. Akionyesha kwa kidole, hiyo ni kusema. Umupe neno pamoja na kitu. Ishara haizuii maneno, inayafungulia mulango.

6. Uimbe, ucheze naye. Nyimbo za mikono na hadisi za jioni zinarudia maneno yaleyale, na mutoto anapenda kurudia.

Fanya hivi robo saa asubuhi na robo saa jioni, na kidogokidogo katikati ya kazi. Na baba afanye vilevile. Si kazi ya mama peke yake.

Mambo ya kuacha

Musimupige ili aseme. Woga unafunga kinywa zaidi.

Musikate ile kamba ya chini ya ulimi kwa wembe. Mutoto anayekosa maneno hakosi kwa sababu ya kamba ile. Wembe unaleta damu nyingi na pepopunda. Kama kamba inamuzuia kunyonya, muganga ndiye ataangalia.

Musimufiche nyumbani wageni wakija. Anahitaji sauti nyingi, si chache. Na musikubali mutu amuite mulozi. Kutosikia ni ugonjwa, si ulozi. Mutoto aliyefukuzwa juu ya neno hilo anapoteza nyumba, na pengine maisha.

Kama hasikii kabisa

Wengine masikio yao hayatapona. Mutoto huyo hakosi akili. Kuko luga ya mikono, nayo ni luga kamili. Andrew Foster, Mumarekani mweusi aliyekuwa kiziwi tangu utoto, alianzisha shule ya viziwi huko Accra katika mwaka 1957, kisha zingine katika inchi nyingi za Afrika, na Kongo yetu ni mojawapo. Alikufa mwaka 1987, lakini wanafunzi wake wamekuwa walimu. Mutoto kiziwi anaweza kusoma, kushona, kulima, kuoa na kulea watoto. Lakini aanze luga ya mikono angali mudogo, na ninyi wa nyumbani mujifunze pamoja naye.

Kumaliza

Mutauliza yule binti alifika wapi. Masikio yake yalikauka, lakini kusikia hakukurudi kote. Mama alijifunza kumugusa bega kwanza, kisha kusema mbele ya uso wake. Maneno yalianza kutoka, moja moja. Sasa yuko shuleni, kwenye benchi la mbele. Sauti yake ni tofauti kidogo na ya wengine, lakini anasoma. Na fimbo mama aliivunja akaitia motoni.

Sasa muniambie kabla ya kwenda kwenye kilo: mutoto wa miaka 2 anaunganisha maneno mangapi? Usaha wa sikio, tunautia nini? Ukimuita mutoto na hakuje, ni kitu gani utapima kwanza mbele ya kushika fimbo?

Vizuri. Na yule mama anayependa kubaki nyuma, leo aje wa kwanza.