Mafuta Yatokanayo na Bakteria: Mali ya Nani?



Mgema huteremsha tembo asubuhi, na kabla ya jioni limekwisha kuchacha pasipo kutiwa kitu. Kazi hiyo hufanywa na viumbe wasioonekana kwa macho, mmojawapo bakteria aitwaye Zymomonas mobilis, ageuzaye sukari kuwa alikoholi.

Kipaji hicho kimefika mbali. Huko Marekani, Lonnie Ingram na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walichukua chembe za urithi za bakteria huyo, wakazipandikiza katika bakteria mwingine, Escherichia coli, awezaye kutumia sukari ya mabua na miti ambayo hamira ya kawaida haiiwezi. Ndipo ikaonekana njia ya kupata mafuta ya magari bila kugusa chakula cha watu. Tarehe 19 Machi 1991 chuo hicho kilipewa hataza namba 5,000,000, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi.

Mwezi Mei mwaka uo huo, Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka Centesimus Annus, alifundisha kwamba ujuzi nao ni mali, kama ardhi ilivyo mali, na kwamba maskini wengi hawaufikii.

Jasho la mtaalamu lastahili ujira. Lakini kipaji cha kuchachusha hakukiumba yeye. Wala mabua si takataka kwa mkulima: ni malisho na mbolea. Basi ajapo mnunuzi wa mabua, tumwulize: Ng'ombe watakula nini? Udongo utarudishiwa nini? Na ujuzi huo, tutaupata kwa masharti gani?

Tuyajadili haya katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo.