Rukhsa ya Ndoa na Karatasi ya Mtoto

*Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa jamaa, Maskati*

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wazee wangu, ndugu zangu wa kiume na wa kike, wanangu na wajukuu zangu mliokuja kutoka Unguja na Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, Dubai, London, Toronto na Ohio.

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima, naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii. Mtakumbuka kwamba katika mkutano uliopita mazungumzo ya baraza yalifika usiku wa manane. Kijana wetu mmoja wa Ohio alitusomea haki za raia wa Marekani, moja baada ya moja, na akasema kuwa kule dola haina la kusema juu ya nani anamuoa nani. Mzee mmoja akamjibu kuwa huku nako dola ni mzazi, na mzazi ana haki ya kuulizwa. Kila mmoja akaenda kulala na lake. Kamati ikaona ni afadhali mtu aliyekula mshahara wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini aseme analofikiri. Nitakayosema ni maoni yangu mwenyewe, wala si ya wizara niliyoitumikia, wala si ya ukoo huu.

Nianze na Marekani, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Kijana wetu amesema kweli, ila ukweli wenyewe si mkongwe kama anavyoudhania. Mwaka 1958 mtu na mkewe, Richard na Mildred Loving, mmoja mweupe na mmoja si mweupe, walioana mjini Washington kwa sababu sheria ya jimbo lao la Virginia iliwakataza. Waliporudi nyumbani, askari waliwaingilia usiku wakiwa wamelala, wakawakamata. Hakimu aliwahukumu kifungo cha mwaka mmoja, kisha akakisimamisha kwa sharti kwamba wahame jimbo hilo kwa miaka 25. Ni mwaka 1967 tu ndipo Mahakama Kuu ya Marekani ilipozifuta sheria za namna hiyo nchi nzima. Mwaka huo mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi, nasoma skuli Unguja. Baba yake Barack Obama, Mjaluo wa Kenya, alipomuoa mama yake mwaka 1961, ndoa ile ilifungwa Hawaii, ambako iliruhusiwa. Katika majimbo mengine ingekuwa kosa la jinai.

Tena iko habari ambayo Wamarekani wengi wenyewe hawaijui. Kwa sheria ya mwaka 1907, mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake palepale, akawa raia wa nchi ya mumewe hata kama hajaitia mguu. Mwanamume aliyeoa mgeni hakupoteza kitu. Sheria hiyo ilianza kuvunjwa mwaka 1922. Na Waingereza, waliotufundisha namna ya kupanga mafaili, hawakumpa mama haki sawa na baba ya kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje ya nchi mpaka sheria yao ya mwaka 1981 ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983. Nayasema haya ili tusidhani kuna nchi zilizozaliwa na haki na nyingine zilizozaliwa bila ya haki.

Sisi tuliotoka Unguja hatuna haja ya kwenda Virginia kutafuta mfano. Wazee mliopo mnaukumbuka mwaka 1970, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi walipoozeshwa kwa nguvu wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na jamaa zao waliopinga wakaadhibiwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nakumbuka jinsi nyumba nyingi zilivyofunga milango mapema jioni, hata nyumba ambazo hazikuwa na binti wa kuozwa. Dola ilijitwalia nafasi ya walii. Lakini mtu mwadilifu hasemi nusu ya habari. Kabla ya hapo, kwa vizazi vingi, wako wenye mali wa visiwa vile waliokaa na masuria ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka, na ukoo wetu haukuwa mbali na jambo hilo. Baadhi yetu tuliomo humu ndani ni wajukuu wa wanawake hao, na tunajua.

Nilifika Maskati mwaka 1981, nikiwa na umri wa miaka 24. Wengi wa jamaa zetu walikwisha tangulia tangu Sultani Qaboos, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipowaita Waomani walioko nje warudi baada ya mwaka 1970. Nilipewa kazi, nikapewa paspoti, na paspoti ya Tanzania nikairudisha, kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Sikulalamika siku ile na silalamiki leo. Nchi hii ilitupokea tukiwa na sanduku moja moja, na wengine wetu Kiarabu chetu kilikuwa cha kuchekesha.

Mwaka 1993 ikatoka kanuni kwamba Muomani anayetaka kuoa au kuolewa na mgeni wa nje ya nchi za Ghuba lazima kwanza apate rukhsa ya serikali. Nilizielewa hofu zake. Nchi yenye watu wachache, iliyozungukwa na wageni wengi waliokuja kufanya kazi, ina haki ya kujiuliza itakavyokuwa baada ya miaka hamsini. Lakini kanuni ile ilitupata sisi kuliko wengine, maana sisi wageni wetu si wageni. Mtoto wa ami yako aliyebaki Mkunazini, binti wa khaloo yako wa Mombasa, hao kwa karatasi ni watu wa nje, na kwa damu ni watu wa ndani. Desturi yetu ya kuoana jamaa kwa jamaa ikageuka jambo la fomu, picha nne na kungojea.

Kwa kuwa nilikuwa mtumishi wa serikali, jamaa walidhani kila mtumishi ana ufunguo. Nililetewa mafaili nyumbani kama vile daktari anavyoletewa wagonjwa. Sikuwa na ufunguo wowote, idara yangu haikuhusika na ndoa hata kidogo. Binti yangu mwenyewe alipoposwa na kijana wa Mombasa, tulingoja miezi kumi na minne, na kila nilipokwenda kuuliza katika ofisi iliyohusika, kijana wa mbele ya meza alinijibu kwa adabu kubwa kuwa faili lipo. Nami, mtu wa mafaili, nilijua maana ya neno hilo. Wako wengine katika ukoo huu ambao hawakungoja. Walifunga nikaha kwa shekhe, mbele ya mashahidi, ndoa halali mbele ya Mungu, kisha wakakaa miaka wakitafuta namna ya kuiandikisha. Na wako waliongoja mpaka posa ikavunjika. Sitawataja, wamo humu ndani.

Basi mwezi wa Aprili 2023 ikatoka Marsumu ya Kisultani nambari 23 ya mwaka huo, iliyoondoa sharti la kuomba rukhsa. Haikuondoa masharti ya sharia, wala haikugusa kazi za serikali ambazo mwenye kuzishika haruhusiwi kuoa nje. Lakini kwa raia wa kawaida mlango ulifunguliwa. Simu zililia mpaka alfajiri, mtakumbuka. Mimi nilifurahi, na nasema waziwazi kuwa serikali ilifanya jambo jema: ilirudi nyuma kutoka mahali ambapo haikuhitajika.

Hata hivyo furaha ile imeacha jambo moja nyuma, nalo ndilo lililonisimamisha hapa. Nina mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Watoto wa mwanangu wa kiume ni Waomani tangu walipotoka tumboni. Watoto wa binti yangu, waliozaliwa katika mji huuhuu, wanaosoma skuli zilezile, wanaokula nyumbani kwangu kila Ijumaa, ni Wakenya. Tukirudi safari, pale uwanja wa ndege tunagawana: bibi yao anapita na hawa katika foleni ya raia, mimi nasimama na wale kando ya foleni ya wageni mpaka mihuri igongwe. Mdogo wao aliwahi kuniuliza kama foleni ile ni ya watoto watundu.

Sheria ya Uraia, hata hii mpya iliyotoka mwaka 2025, bado inafuata uraia wa baba. Mlango wa mama umewekwa mwembamba: mtoto ambaye baba yake hajulikani, au mtoto mdogo wa mama mjane au aliyeachwa, naye kwa masharti. Maana yake ni kuwa binti yangu angekuwa na njia fupi zaidi kama mumewe angekufa au angemuacha. Mumewe ni mtu mwema, yumo humu ndani, na sote tunamuombea umri mrefu.

Nimewasikia wenzangu wakisema kuwa hii ni dini. Kwa heshima zote, mimi sioni hivyo. Nasabu ni ya baba, hilo ni la dini yetu na hakuna anayeligusa. Wajukuu wale wataitwa kwa jina la baba yao mpaka siku ya Kiyama. Lakini paspoti si nasabu. Paspoti ni karatasi ya dola, iliyobuniwa na watu wa mafaili kama mimi. Misri iliruhusu mama kumrithisha mtoto uraia mwaka 2004, Algeria mwaka 2005, Moroko mwaka 2007, na hizo zote ni nchi za Waislamu zenye maulamaa wao. Majirani zetu wa Imarati waliamua mwaka 2011 kuwa mtoto wa mama wa Kiimarati aweze kuomba uraia afikapo miaka 18. Omani yenyewe ilijiunga mwaka 2006 na Mkataba wa Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ila kifungu cha uraia wa watoto ikakiwekea pingamizi. Sheria ya Msingi ya Dola, ile ya 1996 na hii ya 2021, inasema raia wote ni sawa na hakuna ubaguzi kwa sababu ya jinsi. Mimi ni raia mtiifu, na raia mtiifu anayo haki ya kusoma maneno hayo na kutumaini kuwa yatakamilishwa.

Wala tusiinyooshee kidole nchi moja. Tanzania inampokea mke mgeni wa Mtanzania na kumfungulia njia ya uraia kwa ndoa, na mume mgeni wa Mtanzania haipati njia hiyo. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, imewatangulia wengi: uraia kwa baba au kwa mama, na mwenye kuchukua uraia mwingine hapotezi wa kwao. Na huko Marekani, ambako tangu mwaka 1868 Katiba imesema aliyezaliwa katika ardhi ile ni raia, Rais Trump alitia saini mwezi wa Januari 2025 amri ya kuwanyima uraia watoto watakaozaliwa na mama aliyeko kule kwa muda tu au bila ya karatasi, iwapo baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Mahakama kadhaa ziliizuia isitekelezwe. Lakini wanafunzi wetu wenye visa za masomo walipiga simu nyumbani usiku uleule, na kijana wetu wa Ohio alikuwa miongoni mwao.

Sasa nakuja kwetu wenyewe. Fungueni kijitabu mlichopewa mlangoni, ukurasa wa shajara. Angalieni kwa wanaume: jina, kisha watoto, kisha wajukuu, tawi linashuka mpaka chini ya karatasi. Angalieni kwa wanawake: jina, kisha kistari, kisha karatasi tupu. Mabinti wa ukoo huu wamezaa watoto ambao nusu yao wameketi katika ukumbi huu, na katika kitabu chetu hawapo. Na kwa kuwa kanuni ya Mfuko wa Elimu inasema msaada utolewe kwa "waliomo katika shajara", mwaka jana tulimlipia ada ya chuo kijana ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wetu hata mmoja, tukamwandikia barua ya samahani binti aliyepika biriani mliyokula mchana, kwa sababu yeye ni wa upande wa mama.

Marsumu hatuwezi kuitoa sisi. Kanuni ya Mfuko tunaweza, ina mistari miwili na ilipigwa taipu na mimi mwenyewe kwa maagizo ya wazee wa wakati ule, ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki.

Hoja yangu basi ni hii: watoto wa mabinti waandikwe katika shajara chini ya mama zao, kwa majina ya baba zao na nchi za paspoti zao, na Mfuko wa Elimu uwahesabu sawa na wengine kuanzia mwaka ujao wa masomo. Najua wako wazee wasiolipenda jambo hili, na wawili wamekwisha niambia. Nawaomba waseme mbele ya mkutano, kama mimi nilivyosema, wasiseme jikoni.

Kura itapigwa kesho baada ya sala ya Alasiri, inshallah, na wanawake watapiga pamoja na wanaume. Fomu za majina ziko kwa katibu, meza ya karibu na mlango wa bustani. Tafadhali andikeni jina kamili la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, na herufi ziwe za kusomeka.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum.